Maganga, Ulikuwa Unachungulia

Mtani wangu Maganga,

Mie mzima. Wewe hali yako naijua, kwa hiyo sikuulizi. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko wa ngumbaru, kwenye lilelile daftari letu la mieleka, kurasa za nyuma ambazo hatukuwahi kuzifikia. Ukiona herufi zimelala ubavu usicheke, zimepigwa mweleka. Mwandishi ulikuwa wewe, uliyemaliza la saba. Mie kazi yangu ilikuwa kutaja alama na kukukodolea macho kama umeandika nilichotaja. Nilikukodolea miaka yote hiyo, kumbe nilikuwa nakodolea sipo.

Nimekuja kukusuta. Lakini kwanza nikupe habari za ulingoni, maana nakujua, hutanisikiliza mpaka upate matokeo.

Banda la video la Chande lipo palepale Mbagala, nyuma ya soko. Feni ileile inayolia kama mbuzi. Vijana wawili walikalia benchi letu la mbele, nikawaambia nafasi hiyo ina mtu. Wakauliza yuko wapi. Nikasema anakuja. Sasa pale kwako inakaa kofia yangu, na mwenye kuigusa atanieleza vizuri.

Jumapili iliyopita walianza wanaume wa Marekani. Lile jitu la ndevu tuliloliita Tela, na yule anayeingia na suti. Wameongea sana, wamepigana kidogo. Halafu refa, hebu sikia hii, kaguswa na kiwiko tu kalala chali. Mtu mzima ana watoto nyumbani, kiwiko kimepita karibu na sikio, kazimia. Na alivyolala tu, kiti kikaingia ulingoni. Nikajiuliza, kiti kimetoka wapi? Aliyekificha chini ya ulingo asubuhi alijuaje kama jioni kitatakiwa? Nimewapa nne. Nikatoa ile moja yetu ya refa, maana ulisema mwenyewe hakuna refa ambaye hajala kitu, ikabaki tatu.

Wakaja dada zetu wa Japani, wawili kwa wawili. Kidogo Basi yumo, yule mfupi kama mtoto wa la tano. Kapambana na Pipa. Maganga, yule binti amebebwa kwa nyuma akabwagwa kwa shingo mara tatu, na mara tatu refa kahesabu mpaka mbili, ikibaki moja tu ya kumtoa, binti kanyanyua bega. Mpaka mama muuza mihogo nje kaja kuchungulia. Halafu wakaanza kupokezana makofi ya kifua, huyu anapiga, anasubiri, yule anapiga, anasubiri, kama watu wanaoulizana swali moja hawataki kujibu. Mwisho Pipa kashinda. Na walipomaliza wakainamiana. Hapo ndipo mie sielewagi. Umemvunja mwenzio shingo, unamwinamia. Watu wanaoheshimiana namna ile wameshakubaliana kitu pembeni, nikakwambia siku zote. Na wewe ukanijibu lilelile, "Kibwana, hata kama wamepanga, mgongo haujaambiwa."

Tisa. Toa moja ya refa, nane.

Haya, sasa tuje kwetu.

Unakumbuka ilivyoanza. Mie Mzaramo, wewe Mnyamwezi, watani wa asili, na hakuna hata mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa. Mie nikasema nimekutangulia kuzaliwa, wewe ukasema umenitangulia. Tukabishana pale kwenye kahawa mpaka muuza kahawa akatuhamishia benchi la nje. Ndipo wewe, sio mie, ukaleta lile wazo. Chande kila Jumatano anabandika karatasi ya mapambano ya Jumapili. Kila mtu achague mshindi wake kwenye lile pambano kubwa la mwisho, iandikwe daftarini. Atakayekosea, wiki nzima anampa mwenzie shikamoo. Barazani, sokoni, msikitini, mbele ya wajukuu. Na mwenzie anaitikia marahaba bila kucheka.

Nikakubali, kwa sababu mieleka naijua. Mie niliyemwangusha mtu wa kilo mia bandarini Kurasini enzi za ukuli, kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika gunia. Wewe ulikuwaga unanikata, "Jana alikuwa kilo themanini." Nikuambie kitu? Juzi pale kwenye kahawa nimesema alikuwa kilo mia na arobaini. Watu wakatikisa vichwa, wakaendelea kunywa. Hakuna aliyenipunguzia hata kilo moja. Nikaondoka kikombe hakijaisha.

Basi nikakupa shikamoo, Maganga. Nimekupa shikamoo nyingi kuliko nilizompa baba yangu mzazi. Ukisema Pipa, anashinda Pipa. Ukisema Kidogo Basi, ambaye hajawahi kushinda tangu tumjue, siku hiyo anashinda. Mie nikaanza kukuwekea mashaka. Kwanza nikamshuku Chande kwamba anakuibia siri. Nikakaa karibu naye wiki mbili nikisikiliza anavyoongea na wewe. Mkaongea habari za bati. Nikasema haya, labda kuna dawa kutoka kwenu Tabora. Nikaangalia kama umefunga kitu mkononi. Hakuna kitu. Na kila nilipokuuliza ulikuwa unapuliza kahawa yako taratibu, unasema una jicho.

Mwisho wake ndio ile Jumatano.

Wiki ile sikuwa sawa, na aliyejua ni wewe peke yako. Daktari aliniambia jicho la kushoto halirudi. Nilikuambia njiani, nikakuambia usimwambie mtu. Siku tatu sikuonekana kwenye kahawa. Jumatano nikajikokota, nikakuta karatasi imebandikwa. Pambano kubwa, Mama Ubuyu wa nywele nyekundu dhidi ya Binti Kaniki mwenye mkanda. Kaniki hajapigwa tangu aupate huo mkanda. Sijafungua mdomo, wewe ukadakia. "Kaniki wangu. Wewe chukua mabaki."

Damu ikanipanda. Nikaona umeniona jicho moja sasa unanichezea waziwazi. Nikakuambia mbele ya watu wote, "Maganga, wewe ni mwizi." Wakacheka wakijua ni utani. Wewe hukucheka. Ulijua sikutania. Ukachukua kalamu ukaandika, Kibwana, Ubuyu. Maganga, Kaniki. Nikaondoka bila kukuaga.

Ijumaa umetoka kuswali, umeingia ndani kujinyoosha kidogo, hukuamka.

Mazishi yako yalikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Watu walijaa mpaka barabarani. Na mie ndiye mtani, kwa hiyo watu wananiangalia, maana msiba wa Mnyamwezi bila vurugu ya Mzaramo haujakamilika. Nikafanya. Jeneza lilipowekwa uani nikaingia na filimbi nimeifunga shingoni, nikajifanya refa. Nikazunguka, nikakagua mabega yako kama yamegusa chini. Nikawaambia waombolezaji huyu anajifanya, mie namjua, hajawahi kushindwa kihalali wala kushinda kihalali. Wanao wakacheka huku wanalia. Nikajitupa chini, nikapiga ardhi kwa kiganja. Moja. Nikapiga tena. Mbili.

Mkono nikaunyanyua mara ya tatu. Haukushuka.

Watu wakasubiri, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Shehe ndiye alikuja akanishika bega akasema inatosha, Mzee Kibwana. Nikasema ni vumbi. Kweli kulikuwa na vumbi.

Jumapili ile Chande hakufungua. Lile pambano akalihifadhi kwenye fleshi. Nikamwambia asilionyeshe, na mie sitaliangalia, mpaka mkeo atoke eda. Kwa sababu nilishaanza kumshuku na mkeo. Pale uani siku ya mazishi, watoto wako walikuwa wanagawana vitu vya kupeleka ndani, nikaona simu kubwa ya kioo. Nikauliza ya nani. Wakasema ya mama. Mkeo, ambaye miaka yote ulituambia hataki hata kusikia neno mieleka, simu yake ilikuwa na picha ya Kidogo Basi kwenye kioo.

Mwanamke yupo eda, siwezi kwenda kumhoji. Miezi minne na siku kumi nimekaa na hilo donge, Maganga. Hakuna askari aliyewahi kusubiri shahidi namna ile. Nilikuwa nahesabu kuliko yeye.

Alipotoka, nikavaa kanzu, nikaenda mchana kweupe. Tukakaa uani, mwanao mkubwa yupo, chai ikaletwa. Nikauliza hali, nikauliza goti lake, nikazunguka weee. Yeye akanikatisha. Akasema, shemeji, umekuja kuuliza habari za mieleka.

Akasema kila Jumanne baada ya alasiri mlikuwa mnakaa wawili kitandani na simu katikati. Mapambano yenyewe Japani yanapiganwa mwisho wa wiki iliyotangulia. Chande anayapata kwa kuchelewa, simu ya mkeo inayapata mapema. Akasema tena yeye ndiye mpenzi wa mieleka kukuzidi, Kidogo Basi ni wake. Kwa hiyo Jumatano unakuja kwenye kahawa unapuliza kikombe, unasema una jicho, na jicho lenyewe ni la mkeo.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshinda, si ndio? Mwizi nimemkamata. Nilitaka niende moja kwa moja kwenye kahawa nikatangaze. Mkeo akasema kaa, chai yako inapoa.

Akasema, "Shemeji, tukimaliza kuangalia alikuwa ananiuliza, Kibwana wiki hii yukoje?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Nikimwambia leo nimemsikia anajisifu mpaka huku dirishani, anachagua mshindi. Nikimwambia yupo kimya, anachagua wa kushindwa."

Sikumwamini. Wewe unanijua. Nikasema huyu ni mjane mwenye huruma, ananipaka mafuta. Nikamshukuru, nikaja nyumbani, nikafungua daftari, nikaita mjukuu wangu Halima, mwalimu wa shule ya msingi, anisomee kwa macho yake mazima. Nikamwambia asiruke hata mstari.

Wiki mke wangu alipolazwa, nimeshinda mie. Wiki upepo ulipoezua bati zangu, mie. Wiki niliyogombana na mwanangu wa Bunju akaondoka bila kuaga, mie, na inayofuata mie tena. Zile wiki tatu mfululizo nilizokuwa nazitambia mpaka Temeke nzima, kwamba Kibwana kawa bingwa, Mnyamwezi kalala, ni zile wiki tatu baada ya kumzika mke wangu. Ulinipa shikamoo siku ishirini na moja, Maganga. Unavua kofia kabisa. Kuna siku ulivuka barabara kuja kunipa.

Na wiki nilizokuwa nacheka, wiki za biriani, wiki za Idi, wiki niliyopata meno mapya, nimeliwa zote bila huruma.

Halima akauliza, babu niendelee? Nikamwambia soma ya mwisho. Akasoma, Kibwana, Ubuyu. Maganga, Kaniki.

Kesho yake nikamfuata Chande, nikamwambia weka ile fleshi. Tukaangalia wawili, mchana, na kofia kwenye nafasi yako. Nikupe tathmini, ingawa ulishaliona kitandani kwako. Kaniki alianza vizuri, mateke ya mgongo yanasikika kama kupasua kuni. Ubuyu kakaa chini ya kipigo muda mrefu mpaka nikasema Chande zima. Halafu kuna sehemu, sijui kama uliiona na wewe, Kaniki kamshika tayari kumbwaga, na mikono yake ikalegea kidogo. Kidogo sana. Mtu wa macho mawili asingeona. Ubuyu akachomoka, akambana mabega chini. Moja, mbili, tatu. Nywele nyekundu ulingo mzima, analia na mkanda wake. Na Kaniki amelala pale anaangalia taa, uso wa mtu aliyepumzika.

Nikampa tisa. Ya refa sikutoa. Leo refa simlaumu.

Sasa sikiliza. Lile neno siliondoi. Mwizi nilikuita na mwizi ulikuwa, miaka yote umechungulia na mkeo shahidi. Ninachoondoa ni kule kuondoka bila kukuaga. Hilo ndilo linaniamsha. Ungekuwepo ile Jumatatu ungenivulia kofia barabarani ukanipa shikamoo yangu wiki nzima, na mie ningeipokea kwa majivuno, nikijua nimekukomesha. Ningekufa sijui.

Na bado nina mashaka, nisikufiche. Naangalia ule ukurasa najiuliza kama ulijua na siku yako imefika. Kama ulitaka tuagane mie nikiwa juu. Mkeo anasema hapana, ulikuwa mzima, ulikula wali sahani mbili. Mie najua tu umepangaga mengi.

Kwa hiyo nakuahidi mambo mawili. Kila Jumanne naenda kwa mkeo, mwanao akiwepo, tunaangalia watatu, na Jumatano nitachagua nikiwa najua. Yule mzee muuza kahawa tangu afiwe na mwanae haongei. Nimemwambia tuanze kuandikishana. Kachagua Pipa. Pipa kashinda. Mie nimechagua mwingine, na leo asubuhi nimempa shikamoo yake mbele ya watu, akaitikia, na akacheka kidogo.

La pili, ile tatu sitaihesabu. Refa akiishia mbili, watu hawaruhusiwi kuondoka.

Kwa heri ya leo, mtani. Wiki hii nimeliwa na wewe, nimehesabu vizuri, hakuna namna. Nimesimama wima, kofia nimevua.

Shikamoo, Maganga.

Usiitikie tu, maana nitakimbia na goti hili bovu.

Ni mie mkubwa wako,
Kibwana