Madhambi ya Bwana Nyundo

Jumamosi, 3 Mei

Nimeitoa stoo. Hatimaye! Pikipiki ya baba — Mjapani halisi, tangi jekundu chini ya kutu, taa ya mbele kubwa kama sufuria. Matairi yamekauka. Panya wamezaliana ndani ya siti, vizazi na vizazi.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema fundi cherehani anahamia stoo mwisho wa mwezi, wameshaelewana, kwa hiyo nisikilize vizuri: ikiwaka itakaa barazani, isipowaka anamwita Chuma Chakavu aipakie kwenye mkokoteni wake. Tarehe ishirini na nne. Hakuna rufaa.

Nimemwambia itawaka. Kazi yangu ni kukagua magari ya ajali kwa ajili ya bima. Mchana kutwa naangalia uchafu wa mafundi wa watu. Hii itanishinda nini?

Sababu yenyewe sikumwambia. Baba alifariki nikiwa sijui hata kutamka baba. Sina sauti yake. Nina ile picha ya sebuleni tu: amekaa juu ya pikipiki hii, kifua mbele, anacheka. Nataka kusikia alichokuwa anasikia yeye. Basi.

Jumapili, 4 Mei

Mungu wangu! Nani aliishika pikipiki hii baada ya baba?

Skrubu za Mjapani zina msalaba wake. Kwa macho zinafanana na zile za dukani, lakini ukiingiza bisibisi ya kawaida inateleza na kukutafunia kichwa cha skrubu. Mtu anayejua anatafuta bisibisi yake. Mimi niliagiza, imekuja ndani ya kiboksi chake chenye kitambaa. Huyu mwenzangu alitumia nini? Kisu! Alama za kisu zinaonekana wazi. Palipokataa kwa kisu akagonga kwa jiwe. Hakuna skrubu hata moja iliyosalimika.

Nimempa jina. Bwana Nyundo.

Nikamtukana kwa sauti. Dada alikuwa anaanika nguo, akauliza namsema nani, maana uani tuko wawili tu. Nikamweleza. Akacheka hadi akashika kamba. Huyu naye, kitu kidogo tu meno nje.

Jumatano, 7 Mei

Mkono wa choki, ule unaovutwa kuwasha injini ya baridi, ni kijiko. Naandika tena, nisije kesho nikadhani niliota: kijiko. Cha chai! Kimekunjwa, kikatobolewa kwa msumari, kikafungwa pale kwa waya.

Nilikipeleka jikoni mama aone mambo iliyofanyiwa pikipiki ya mumewe. Akakigeuzageuza. Akauliza, "Kilikuwa kinafanya kazi?"

Nikamwambia, mama, hilo siyo swali.

Akasema kwake yeye ndilo swali.

Nilimwacha. Mambo ya mashine atayajulia wapi? Kijiko nimekitupa kwenye ndoo ya taka.

Jumamosi, 10 Mei

Jirani amening'inia ukutani asubuhi nzima, kidevu juu ya matofali. "Hiyo ni plagi." Plagi! Injini iko juu ya meza, magurudumu yako chini ya dirisha, kila kitu kimefunguliwa, yeye anasema plagi. Nasikia hata jokofu lao lilipokufa alisema hivyohivyo.

Leo ilikuwa zamu ya kabureta. Na leo Bwana Nyundo amejipita mwenyewe. Pale kabureta inapokutana na injini panakaa gasketi, kitu chembamba cha karatasi ngumu, kuzuia hewa isiingie. Yeye ameweka raba ya kandambili! Ya bluu. Imekatwa kwa mkono, ukingo wake umeng'atwang'atwa. Tena kandambili ya mtoto mdogo, maana upande mmoja kuna nusu ya bata imechorwa. Mtu mzima na akili zake anamvua mtoto kandambili anaitia kwenye injini!

Nilicheka peke yangu, halafu nikapandwa na hasira. Nikauliza kwa sauti: huyu alikuwa mlevi, au alikuwa mwizi anakimbia? Mama alikuwa barazani anashona kifungo. Akakata uzi kwa meno. Dada akasema, "Endelea, endelea, tunakusikia."

Raba nayo ndooni.

Jumatatu, 12 Mei

Chai haikuja. Tangu nianze kazi hii mama ananiletea kikombe uani kila nikirudi kazini. Leo kimya. Nikaingia kuulizia. Akasema birika lile pale na mikono ninayo.

Kanuna kwa lipi? Uzee huo.

Ijumaa, 16 Mei

Gasketi mpya. Skrubu mpya, zote, nimezikaza kwa bisibisi yake, taratibu, mpaka raha. Waya mpya. Mkono wa choki mpya, unang'aa. Hakuna alama hata moja ya yule mharibifu iliyobaki. Gari la taka lilipita Jumanne likaondoka na ndoo nzima.

Tangi nimelipaka jekundu kama lilivyokuwa. Kuna mstari ubavuni, ila picha haina rangi, nikamuuliza mama ulikuwa rangi gani. Hakuinua hata macho. "Mweupe. Na kushoto ulikuwa umechubuka, pale goti linapobana ukikata kona."

Alivyokuwa anamwangalia baba, masikini! Hadi goti analikumbuka.

Jumapili, 18 Mei

Imeunganishwa. Ni nzuri jamani! Watu wa kwetu hawajui kitu kizuri. Dada amepita ameweka pembeni ndoo ya nguo, amejitazama kwenye kromu, amepanga nywele, amekwenda zake.

Nikawakalisha mama na yeye nikawaeleza. Kwamba baba alikuwa mtu wa mikono safi, ukiangalia picha tu unajua. Alivyokaa! Kwamba mtu kama yule angeona alichofanya Bwana Nyundo angelia machozi. Kwamba naondoa aibu iliyowekwa juu ya kitu chake.

Mama akatoa kicheko kifupi, cha puani. "Kumbe," akasema. Akaingia ndani.

Kumbe nini?

Alhamisi, 22 Mei

Nimepiga kiki. Ikakohoa. Nikapiga tena, ikashika, ikapandisha mlio yenyewe bila kuguswa, ikazima. Hivyo hivyo hadi jua likazama.

Jirani: "Plagi." Alipoingia ndani kula nikabadilisha plagi. Haikusaidia kitu. Angalau hakuniona.

Ijumaa, 23 Mei

Haiwaki. Nimeomba ruhusa kazini kwa uongo ili nikae nayo, na haiwaki. Nimeishia kurudia ule mstari mweupe wa tangi, angalau kitu kimoja kiwe sawasawa.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika hapahapa uani, nimekaa juu ya ndoo, mguu mmoja peku. Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivi.

Asubuhi nilipiga kiki mpaka goti likagoma. Jirani akafungua mdomo, nikamwambia akaoge. Chuma Chakavu alikuwa ameshaegesha mkokoteni getini, anapangusa jasho, anaiangalia kromu yangu kwa jicho la mtu aliyeitiwa karamu. Nikamgeukia Bwana Nyundo kwa mara ya mwisho. Nikasema huyo mtu ndiye aliyeiua. Hakuipenda pikipiki hii, hakumheshimu mwenyewe, na kama bado yu hai basi hiyo mikono yake inyauke!

Mama akaweka kikombe chini. "Mikono yenyewe hii," akasema. Akaninyooshea yote miwili. "Angalia vizuri kama imeshaanza."

Sikuelewa. Nikamwangalia dada. Dada, kwa mara ya kwanza mwezi huu, hakuwa anacheka.

Basi mama akasema. Wala hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayeeleza maharage yalivyoungua. Baba aliinunua, kweli. Akaipanda siku moja tu, siku ya picha, na siku hiyo injini ilikuwa imezimwa. Alikuwa anaiogopa kufa! Mama aliishika isimwangukie, halafu akakimbia nyuma ya kamera, na baba alikuwa anacheka kwa woga. Mwenye kuiendesha alikuwa mama. Alisambaza mikate madukani, alfajiri kwa alfajiri, kabla baba hajafariki na baada ya hapo. Watu walisema pikipiki ya mumewe. Akachoka kuwasahihisha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliuliza? Ulikuja na jibu lako na bisibisi yako."

Dada akasema alitaka kuniambia siku ya kwanza, mama akamkataza. Alimwambia, muache, tusikie atafika wapi. Nimefika mbali. Nimefika kwenye mikono.

Nikauliza ile raba. Najua nilikuwa najitafutia, lakini niliuliza.

Akasema ilikuwa njiani, mvua inanyesha, mikate nyuma, mimi nimefungwa mgongoni kwake. Pikipiki ilikuwa imeanguka wiki ile, kabureta ikapinda uso, inavuta hewa, inazimazima. "Na wewe ulikuwa hulali mpaka uisikie. Ikiunguruma, usingizi. Ikizima, unaamka unalia kama king'ora. Mtoto gani yule! Nikakuvua kandambili nikakata, ili unyamaze. Tukafika." Akanywa chai. "Na haikuzima tena. Sasa iko wapi raba yangu?"

Nikasema gari la taka lilipita.

"Na kijiko?"

Nikasema kilipanda gari hilohilo.

Alisonya. Msonyo mrefu, wa kuanzia tumboni. Nimekagua magari miaka yote hii, nimetukanwa na mafundi wa kila namna, sijawahi kudharauliwa hivyo. Na nilistahili, hilo ndilo linaloniuma.

Halafu akaangalia miguu yangu. Kandambili zangu mpya, raba nene, nilizinunua juzi tu.

"Vua."

"Mama —"

"Moja inatosha."

Nikavua. Nikamletea bisibisi ya Kijapani ndani ya kiboksi chake, kwa mikono miwili. Akaitazama. "Hiyo kaa nayo. Leta kisu."

Amepiga magoti juu ya gunia. Anafungua skrubu zangu mpya kwa kisu cha jikoni! Naona vichwa vinavyotafunwa, kimoja baada ya kingine. Nimefunga mdomo, kwa tabu sana.

Nilitaka sauti ya baba. Haimo humo. Haijawahi kuwamo. Iliyomo nilikuwa nailalia mgongoni kwa mama, nimeisahau. Sijui nifanye nini na hilo, na sasa hivi hakuna anayeniuliza.

Chuma Chakavu amechoka kusubiri, ameingia hadi uani. Anauliza anapakia au hapakii. Mama hajageuka. Jirani naye karudi ukutani, amevuta pumzi aseme neno lake, mama amemnyooshea kisu, akalimeza. Raba anaikata bila kupima, ukingo umeng'atwang'atwa vilevile. Ameniambia nisogee, namzibia mwanga.

Amerudishia kabureta. Amenyanyuka, dada kamshika kiwiko, mama akauondoa mkono wake. Amekunja gauni. Anapanda — na umri ule! Mguu wa kulia uko juu ya kiki. Goti la kushoto limekaa palepale, juu ya mstari mweupe.

Rangi pale haijakauka vizuri. Sijasema kitu.