Daftari la Kemia

Garissa, 12 Novemba 1966

Aboowe Sugow, kaka yangu,

Asalaam aleikum. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama: daftari lako la kemia halikupotea. Nililipeleka shuleni mimi mwenyewe. Nilitaka Mwalimu Kioko asome ulivyoandika jinsi idara yenu ya chuo kikuu ilivyoanza, profesa mmoja na meza mbili ndani ya stoo. Nilikuwa najivuna, Wallahi.

Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha.

Mwalimu alifika ukurasa wa naitreti akasimama. "Ardo, huyu kaka yako anasomea mbolea ama baruti?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na daftari hajarudisha. Jana akaniuliza kwa upole mno, "Likizo atakuja na lori gani?" Nikasema sijui. Leo nimeona askari wawili, wale wanaosaka shifta, ofisini kwake, daftari liko mezani.

Usije, aboowe. Kaa huko huko maabara. Mama atalia, lakini atalia ukiwa hai.

Nisamehe.
Dadako, Ardo

Nasikia viatu uani. Ni mwalimu, na mama anamkaribisha chai. Mama anajua lori ni la nani. Naificha hii ndani ya msahafu, mwalimu hataugusa, niwahi kabla mama hajamtaji—