Ruhusa ya Kuvua Viatu

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kuomba ruhusa moja tu: Neema alale bila viatu.

Tangu tulipokuzika Makutupora, nimemchukua mdogo wangu, tunaishi chumba kimoja hapa Miyuji. Ana miaka tisa. Viatu ulivyomnunulia vinambana. Kucha mbili zimeng'oka, na tabibu wa zahanati aliniuliza, kwa sauti ya kunituhumu, kwa nini mtoto analala amevaa viatu. Nilijibu kwamba ni mkaidi. Nisamehe. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba katika umri huohuo ulikimbia Burundi, na kwamba mdogo wako Melki, aliyetoka kitandani pekupeku, alijikata unyayo, mguu ukavimba, akafia njiani mgongoni mwako.

"Aliyevaa ndiye afikaye." Ulisema hivyo kila jioni ukitufunga kamba, vidole vyako vikinuka majani ya mizabibu.

Mama, hapa haijawahi kulia bunduki. Kinacholia ni upepo. Waliopigana kwenu walikwisha kupeana mikono zamani. Mtoto aliyezaliwa Makutupora bado anawakimbia.

Nami niliandika tasnifu kuhusu watoto wa vita. Wahadhiri waliisifu. Nilitaja nchi nyingi, wewe sikukutaja. Siku ya mahafali, wenzangu walipouliza asili yako, nilisema Kondoa. Ulisikia. Ulininyooshea kola ya joho, na mpaka leo vidole vyako havijanitoka shingoni.

Juzi nilimkalisha Neema kitandani, nikamthibitishia kwa hoja zilizopangika vizuri kwamba vita vimekwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akalifunua blanketi langu, akaitazama miguu yangu.

"Anza wewe, Dada."

Nami nikaitazama, Mama. Raba zangu zilikuwa miguuni, kamba zimekazwa mara mbili kama ulivyonifundisha.

Nimekata shauri. Tutakuja kaburini, nami nitavua raba zangu kwanza, mbele yako na mbele yake. Naahidi sitazivaa tena kitandani, hata nikiamka nimeshtuka. Viatu vya Neema tutakuachia, umpelekee Mjomba Melki. Nadhani vitamtosha.

Pumzika sasa. Utungoje Jumapili, saa kumi alasiri.

Mwanao,
Rehema