Jina Nililokuvua

Baba,

Kesho asubuhi nitapita bariyeri ya askari nikienda kazini, nikiwa na jina lako kwenye karangamuntu yangu. Jina lote, Birnbaum, kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho chako. Rashidi wangu ametoka kwenda msikitini kuswali alasiri, mtoto amelala, na mimi nimekaa kwenye kigoda chako cha garaji nakuandikia, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba naogopa.

Mtoto, ndiyo. Hukumkuta. Ni wa kiume, ana wiki saba, na siku ya saba tulimwita Haruni. Jina lake la pili bado halijaandikwa popote. Hilo ndilo linalonitesa, nami nataka ulisikie kutoka kwangu, tangu mwanzo, hata yale uliyokuwa ukiyajua na ukanyamaza.

Presha ilikupanda asubuhi ile risasi zilipokuwa zinalia upande wa Gihosha. Hakuna gari iliyokubali kutoka. Wewe uliyewafufulia watu magari miaka arobaini, hukupata la kukupeleka hospitali. Alasiri tulikuwa tumeshakuzika. Msikitini waliniuliza marehemu aandikwe jina gani, nikasema Haruni Abdala. Mzee Sefu, mwenzako wa garaji, alikuwa amesimama pale na mikono yake ina grisi bado. Alinitazama, akatazama chini. Ulizikwa kwa jina nililokutungia mimi, ofisini, kwa uongo.

Wewe hukulichukia jina lako hata siku moja, na lilikuletea maneno mengi. Watu wa Burundi kila mtoto humpa jina lake peke yake, jina lenye maana yake, na baba ndiye anayelitoa. Kwao jina halirudi kwa mdogo wako. Wewe ukatupa sisi wote wawili lile lile. Nakumbuka majirani wa Buyenzi walivyokutania pale garaji: "Haruni, kwako majina yamekwisha? Watoto wote jina moja, kama mbuzi wa mutu mmoja!" Na mwalimu wa darasa la kwanza aliamini kabisa kwamba mimi na mdogo wangu Yusufu ni mapacha. Alimweka dawati moja na mimi, yeye ana miaka mitano, akalia wiki nzima. Mama alipokwenda kueleza, mwalimu alimuuliza kwa upole kama baba yetu alikuwa mgonjwa siku ya kutupa majina.

Ulisema ni kitu pekee ulichoachiwa na babu. Mzungu wa Ujerumani, Myahudi, aliyeikimbia nchi yake akaja hapa mjini, enzi hizo Usumbura, kuuza vitambaa, akaishi na bibi Mwamini. Ulipozaliwa alikwenda kwa Wabelgiji kukuandikisha kuwa mwanawe, jambo ambalo wenzake hawakulifanya kwa watoto wao. Homa ikamchukua ukiwa na miaka sita. Bibi akakulea humu humu Buyenzi, ukasoma Kurani, ukajifunza kuchomelea radiyeta za magari. Na jina ukabaki nalo.

Maana yake uliipata ukubwani, ulipokwenda kutengeneza geti la misheni na padri mzee Mjerumani akakuambia: birn ni pwari, lile tunda la Wazungu, baum ni mti. Mti wa pwari. Ulirudi nyumbani umefurahi kama mtu aliyeambiwa kwao ni wapi. Kisha siku moja ukaiona pwari yenyewe kwenye duka la Wazungu kule Rohero, ukaja nayo imefungwa kwenye leso. Ukaosha kisu cha garaji mara tatu, ukaikata vipande vinne. Tukatafuna. Ilikuwa na maji mengi na mchanga mchanga ndani yake. Yusufu akasema, "Baba, ndo hii tu? Afadhali tungeitwa Embe." Ulicheka hadi Mama akakupiga mgongoni. Mbegu ulizipanda kwenye kopo la maziwa. Hazikuota.

Halafu vita.

Bariyeri zilipoanza, watu wa Buyenzi tulikuwa tunapita kwa majina yetu. Vijana wenye silaha wanasoma Haruni, Zuhura, Yusufu, wanasema, "Hawa Waswahili, waache waende." Lakini jina la pili liliwasimamisha. Walitaka kujua wewe ni wa upande gani, na jina lile halikuwa na upande. Siku ile ulipokwenda kumtengenezea mteja gari, kijana alikuuliza, "Mzee, hili ni jina la kabila gani?" Nawe, kwa vile ulipenda kuulizwa, ukajibu, "Si kabila, mwanangu. Ni mti." Wote wakacheka isipokuwa mmoja. "Mti? We unatuchezea?" Wakakuvua viatu, wakakukalisha kwenye kokoto tangu saa tatu mpaka alasiri, hadi Mzee Sefu alipopata habari akaenda kukuombea uachiwe.

Ulirudi na soksi zimetoboka. Nilikuosha miguu. Na wewe ulichonung'unikia ni kwamba hawakukuacha umalize kueleza.

Nilishindwa kuvumilia, Baba. Wiki ile ile nilikwenda ofisi ya zoni, nikasema karangamuntu zetu zimepotea, yako na yangu na ya Yusufu. Nikaomba mpya. Karani akauliza jina la baba yako. Abdala, nikasema. Hakukuwa na Abdala yeyote. Nilipokukabidhi yako uliitazama mbele na nyuma. Uliniuliza neno moja: "Na ya Yusufu pia?" Nikaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Sawa, mama. We ndo unajua." Ukaiweka mfukoni, na tangu siku ile bariyeri zote ulipita bila kuulizwa kitu.

Bila kuulizwa kitu. Na mimi nikajisifu kwamba nimekuokoa. Labda nilikuokoa. Sijui. Lakini hukulitaja tena lile jina mbele yangu, hata kwa mzaha, na hilo nilianza kuliona baada ya kukuzika.

Sasa nikwambie kilichotokea. Miezi minane baada ya kukuzika, ilifika posta barua kutoka Ajentina. Juu yake: Haruni Birnbaum, fundi au mfanyabiashara, mtaa wa Waswahili, Bujumbura. Haina sanduku la posta. Ingerudishwa ilikotoka, lakini karani mmoja pale alikumbuka kwamba mtu wa jina hilo alimtengenezea radiyeta. Aliibeba mwenyewe mpaka garaji. Mzee Sefu akanipa, akaniambia, "Hii si ya Abdala."

Kifaransa changu unakijua. Jirani yetu mwalimu ndiye aliyenisomea, huku anachambua maharage. Anayeandika ni mama mtu mzima, anaitwa Klara. Babu yake na babu yangu walikuwa ndugu. Amekuwa akitafuta, miaka mingi, wote wanaobeba jina hilo duniani, na kwenye barua moja ya zamani alikuta kwamba yule aliyekwenda Usumbura alipata mtoto wa kiume, Haruni.

Nilijua ungependa kusikia aliyoyaandika, kwa hiyo nilimwomba mwalimu arudie mara mbili, nikayashika. Anasema zamani Wayahudi wa kule Ujerumani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa Isaka bin Yakobo, na mwanawe Haruni bin Isaka. Kama sisi tu, Baba! Kisha wafalme wakatoa amri kila mwenye nyumba achukue jina moja lisilobadilika, apate kuandikwa kwa kodi na kwa jeshi. Watu wakapanga mstari mbele ya makarani. Mwingine akachukua kazi yake, mwingine mji wake, wengi wakachukua miti na maua. Wa kwetu pengine alikuwa na mti wa pwari uani. Pengine alitoka kwenye mji mdogo ulioitwa hivyo hivyo, siku hizi uko Poland. Pengine alipenda tu linavyosikika. Klara anasema hakuna ajuaye, na anayedai kujua anadanganya. Na si kila Birnbaum ni Myahudi, wako Wajerumani wakulima walioitwa hivyo kwa sababu ya mti uliokuwa karibu na nyumba.

Leo wengi wako Amerika na Israeli. Wako Ufaransa, Ubelgiji, Uingereza, wachache Ajentina. Ujerumani kwenyewe lilikotoka wamebaki wachache sana, na ndugu wa babu waliobaki kule hakuna aliyepona. Walichukuliwa. Majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye vitambulisho. Anasema ana ramani ukutani, na Burundi ameweka alama ya kuuliza kwa penseli.

Halafu mwalimu akasoma hivi: wako waliobadili majina ili waishi, na hatuwalaumu. Hapo nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Anauliza kama uko hai. Kama una watoto. Na kama yuko anayebeba jina bado, amtumie nakala ya karatasi yoyote.

Barua ya kwanza niliyomjibu nilidanganya, nikasema karatasi ziliungua vitani. Niliichana. Nimewahi kudanganya mara moja juu ya jina hili, inatosha. Ya pili nikamwandikia yote, hata soksi zako. Lakini sikuipeleka posta, maana kwenye swali lile la mwisho nilikuwa sina jibu.

Nikamwambia Rashidi nataka mtoto aitwe Haruni Birnbaum. Unamjua Rashidi, hapandishi sauti. Alisema, "Zuhura, we uliogopa baba yako, mutu muzima, asimamishwe. Sasa unataka kumupa mutoto?" Jina la mtoto ni la baba yake kulitoa, nami siwezi kumpita. Siku ya nne akasema, "We ndo ulipitishe kwanza. Ukirudi, mi nitamwandikisha."

Ana haki. Kwa hiyo nilifumua mto. Karangamuntu za zamani sikuzichoma, Baba, nilizishonea ndani ya mto wangu siku ile ile niliyosema zimepotea. Nililala juu yake miaka yote hiyo. Yangu nikampelekea karani wa zoni, nikamwambia ukweli. Alinisema vibaya mbele ya watu: "Mama, we unafikiri zoni ni soko, unaleta jina, unarudisha?" Mzee Sefu akaapa kwamba mimi ni binti yako na babu yangu ni yule Mzungu wa vitambaa. Nilingoja tangu asubuhi hadi wanafunga. Nilipokuwa kwenye ule mstari nilimfikiria yule wetu wa kwanza, naye amesimama mbele ya meza ya karani, anasubiri kupewa jina ambalo hajui litawafikisha wapi wajukuu wake.

Nimepewa. Ni hiyo niliyonayo hapa. Naiacha barua, mtoto ameamka.

*

Baba, narudi kwako. Ni kesho yake, jioni, kabla ya magharibi.

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu na wanawake wenzangu tunaoshona magunia ya kahawa kule kwenye viwanda. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Ningeeleza pwari, ningeeleza wafalme na makarani, ningesema mimi ni Mwislamu wa Buyenzi na babu alikuwa Myahudi na baba alikuwa fundi wa radiyeta. Nilivaa viatu vya zamani, kama watanivua.

Askari alikuwa kijana mwembamba, ana mafua. Akachukua kadi yangu. Akaisoma. Midomo yake ilijaribu lile jina kidogo, nikaona kabisa. Akanirudishia.

Mimi sikuondoka. Sijui ni nini kilinishika. Nilisimama pale nangoja aniulize.

"Pita, mama," akasema, "unafungia watu njia."

Ni hivyo tu. Miguu ilinifikisha kazini, nikashona gunia la kwanza, la pili, la tatu likanishinda kwa machozi. Wenzangu walidhani nimepata habari ya msiba. Ningewaambiaje kwamba hakuna aliyeniuliza? Vijana wale waliokukalisha wewe kwenye kokoto sijui wako wapi leo, wengine pengine wamekufa. Ungekuwa hai mpaka mwaka huu tu, ungelibeba jina hili wewe mwenyewe, na huyu mwenye mafua ungemsimamisha pale ukamweleza mpaka mwisho, na foleni ingefika sokoni.

Sisemi vita vimekwisha. Jana tu milio ilisikika mlimani. Kesho bariyeri inaweza kuwa na mwingine ambaye hacheki. Hofu yangu ninayo bado.

Lakini nimelipitisha, na Rashidi ni mtu wa neno lake. Ijumaa baada ya swala anakwenda zoni. Asubuhi ya siku hiyo nitaipeleka posta ile barua ya kumjibu Klara, na nakala ya karangamuntu yangu ndani yake. Kuhusu karatasi yako ya kifo, wameniambia ni kazi ya mahakama, mashahidi, muhuri, huenda miaka. Nimewaambia nitakuja. Mzee Sefu amesema atakuja nami maadamu anatembea, na akishindwa kutembea nimbebe.

Nisamehe, Baba, kwa hizo siku zako za mwisho ulizoziishi kama mwana wa mtu asiyekuwepo. Nilitaka urudi nyumbani kila jioni, sikuwa nataka kingine. Mungu akupe usingizi mwema huko uliko. Mimi nakuahidi sitamwacha mtu yeyote akuite Abdala mbele yangu, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura Birnbaum