Walikupa Kahawa, Wakakunyima Kura

Tata,

Migomba ni mizima. Naanza na hiyo kwa sababu najua ungeiuliza kabla ya kuuliza habari za Mama, na Mama angenuna, na wewe ungejifanya hujaona. Ule mnyauko ulioingia kwa jirani haujavuka mpaka wetu. Mdogo wangu Mugisha anakata maua dume kwa mti wenye panda, kama ulivyomfundisha, ingawa kila jioni analalamika kwamba shingo inamuuma. Mama hajambo. Amepungua mwili, lakini sauti yake haijapungua.

Uchaguzi umepita, Tata. Ndiyo maana naandika. Ni wa kwanza bila wewe, na nilidhani safari hii nitapumua. Sikupumua.

Mara nne uligombea ubunge wa jimbo letu kwa tiketi ya chama ambacho bendera yake wengi waliidhania tangazo la kampuni ya simu. Mara nne ulishindwa, na siyo kwa kidogo. Wenzako waliostaafu pamoja nawe pale Maruku, mlikokuwa mkilea miche ya migomba, walifungua maduka au wakajenga nyumba za kupangisha Kibeta. Wewe ulichukua fomu. Na kila ulipochukua fomu, mimi nilifunga cherehani zangu kule mjini Bilele nikarudi kijijini kuwa wakala wako, kwenye kituo cha kura cha shule ile ile uliyonisomesha.

Hujawahi kuwa wakala, kwa hiyo nikueleze. Wakala hukaa kwenye dawati la watoto tangu asubuhi, magoti yamemfika kidevuni, akiwatazama majirani zake wakiingia kupiga kura. Wanakusalimia vizuri. Wanakuuliza habari za nyumbani. Halafu jioni msimamizi anafungua karatasi moja moja na kusoma jina, na wewe unasikiliza jinsi watu walewale wanavyomkana baba yako.

Nikifika nyumbani nilikuwa nakukuta mlangoni. Hukuniuliza umepata ngapi, ulikuwa unanisoma usoni. Unasema, "Tumesogea, Kemi." Mara ya tatu kura zilikuwa zimepungua kuliko za mara ya pili, na bado ulisema tumesogea. Nikakuuliza tumesogea kwenda wapi. Ulicheka mpaka ukakohoa, Mama akakuletea maji.

Kosa lako nalijua, Tata. Ni kosa ambalo angelifanya Mhaya tu.

Hukuwa na fulana za kugawa wala sukari wala gari lenye vipaza sauti. Ulitembea nyumba kwa nyumba ukiwa umevaa lile koti lako la kahawia. Na nyumba ya kwetu haimwachi mgeni akae mkono mtupu. Kikapu kidogo kinaletwa, kahawa ya kutafuna inaletwa. Hata mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba, akikaa kwako unampa kahawa kwanza, kesi baadaye. Wewe mwenyewe ndiwe uliyetulea hivyo. Lakini ikifika kampeni ulikuwa unasahau. Ulitafuna punje moja kwa adabu, nyingine ukazitia mfukoni, na jioni ukaja kuzimwaga kwenye ungo mbele ya Mama.

"Hizi ni kura," ulisema.

"Hiyo ni kahawa," alisema Mama, akaendelea kumenya ndizi.

Ulimkatalia. Ulisema wazee wetu walichanjia undugu kwa punje ya kahawa, kwa hiyo mtu hawezi kukutilia kahawa mkononi kisha akakunyima kura. Na kwa sababu uliamini hivyo, hukuwahi kuwaomba. Mgeni aliyekwisha kupewa haombi tena. Uliwauliza habari za migomba yao, ukawaeleza habari ya lile daraja linalochukuliwa na maji kila masika, ukawatakia heri watoto, ukaondoka. Nyumba nzima ilikuita Mheshimiwa. Hakuna hata mmoja aliyekuahidi kitu, na wewe ulirudi mfuko umejaa.

Ulipofariki walikuja wote. Jembe halikugusa shamba kijiji kizima mpaka ulipozikwa. Majirani zangu Waislamu wa Bilele walikuja na sufuria za chakula kwenye gari la kukodi, wakasaidia kupika kwenye mvua. Hata aliyekushinda alikuja, akashika kipaza sauti akakusifu vizuri kuliko ulivyowahi kujisifu mwenyewe. Na watu wakapokezana kusema "tumempoteza mbunge wetu," uso mkavu kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani pamoja na wanawake, nawatazama. Nilikuwa nalia, lakini Tata, nilikuwa pia na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nyuso zote zile nilikwisha kuziona pale kwenye dawati.

Siku ya kuanua matanga nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunakusanya yale majani tuliyolalia, mimi na Bibi Kokugonza, yule wa nyumba ya kwanza ukishuka kisimani, ambaye hukupitisha kampeni hata moja bila kukaa kwake. Nikamuuliza walikuwa wanakupenda au walikuwa wanakucheka. Nilitaka kulijua hilo tu. Mtu aliyemaliza viatu kwa ajili yao, walimwona baba au walimwona kichekesho?

Hakuona haya. Alinyoosha mgongo akanitazama.

"Waitu, mwanangu. Tungempa, angekwenda Dodoma. Hao tuliowapa, nani amerudi hapa kukaa? Huyu alirudi kwa sababu tulimnyima."

Nilimwachia majani yake nikaingia ndani. Tangu siku ile nikawa nikija kijijini napita njia ya juu, nisipite mlangoni pake. Nilisema moyoni, kumbe walikufuga. Walikuona mgeni mzuri wa kupiga naye soga, wakahakikisha hufiki mahali, ili urudi. Presha ikakuangusha kwenye migomba huku ukipanga kugombea mara ya tano, na wao wakaja kula matanga. Nimebeba jambo hilo muda mrefu, Tata. Nikikaa kwenye cherehani linanijia, nashona mshono ukapinda.

Wa chama walikuja Bilele kuniomba nichukue fomu badala yako. Nikawaambia nina sare za shule za kushona. Wakamsimamisha kijana mmoja wa mjini, mpole, anayejua kuandika ujumbe mzuri kwenye simu. Hakuingia nyumba ya mtu. Uwakala nilikubali, na ukiniuliza kwa nini, ni kwa sababu sikutaka mtu mwingine akalie lile dawati.

Asubuhi ya uchaguzi kulikuwa na mvua, nikavaa koti lako. Waliingia walewale, wakanisalimia vilevile. Nilipopiga kura yangu nilitafuta picha yako kwenye karatasi kwa mazoea, ile uliyolalamikia kila uchaguzi kwamba wamekupiga kama mtuhumiwa. Haikuwapo. Nilisimama pale ndani nikiishikilia kalamu mpaka karani akaniuliza kama nimepata tatizo.

Jioni tukafunga milango, msimamizi akapindua sanduku. Alikuwa mwalimu kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Karatasi zikamwagika mezani, na pamoja na karatasi zikamwagika punje za kahawa.

Siyo moja, Tata. Zilikuwa zinabingirika mpaka chini ya madawati. Ile nyeusi iliyochemshwa ikakaushwa, kahawa ya mgeni.

Mwalimu akauliza kwa ukali nani aliyetia takataka kwenye sanduku la kura. Ndipo Mzee Kaijage, wakala wa kile chama kikubwa, aliyekaa upande wa pili wa meza miaka yote ile akikushinda kupitia kwangu, akavua kofia.

"Mwalimu, hizo siyo takataka," akasema. "Zina mwenyewe."

Akaanza kuziokota, mzee mzima, amepiga magoti kwenye sakafu ya darasa. Mawakala wengine wakamsaidia. Alipomaliza alinivuta mfuko wa koti akanitilia humo. Kisha tukahesabu kura. Kijana wetu alishindwa vibaya, na kahawa, kama unavyojua, haihesabiwi.

Wakati wa kurudi miguu ilinipeleka njia ya chini. Bibi Kokugonza alikuwa mlangoni pake, amejifunika khanga. Nilitaka kupita.

"Amepata ngapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimtajie kura za yule kijana, kisha nikaelewa ananiuliza habari za nani.

"Mfuko umejaa, Bibi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia, nami nikakaa kizingitini pake nikalia. Hatukuombana msamaha. Baadaye akaingia ndani akaniletea kikapu.

Bado nina hasira, usidhani imekwisha. Walikuwa na karatasi mkononi miaka yote ile, na kalamu wamepewa bure. Daraja limechukuliwa tena masika haya. Wangeweza kukupa ukiwa hai, ukaona. Lakini lile swali langu limejibiwa. Walikupenda, Tata, kwa namna yao isiyokusaidia kitu. Sijui kama hilo linanifariji au linaniumiza zaidi.

Nyumbani nilimkuta Mama jikoni. Nikachukua ungo, nikamwaga punje za mfukoni mbele yake bila kusema zimetoka wapi. Alizitazama. Akachukua moja, akaigeuza-geuza kwenye vidole, akairudisha polepole kama kitu cha mtu.

"Hizi ni kura," akasema.

Leo nimezileta hapa kaburini, nimeziweka chini ya mgomba ule ulioupanda wewe. Moja nimetafuna. Ni chungu, na baadaye inakuwa tamu kidogo, kama siku zote.

Sasa sikia ahadi yangu. Uchaguzi ujao nitachukua fomu. Nitaingia nyumba kwa nyumba na koti lako, nitapokea kahawa yao, lakini sitaitia mfukoni. Nitaitafuna yote palepale wakinitazama, na kabla sijainuka nitawauliza lile ambalo hukuwahi kuwauliza: na kura, je? Nitakaa mpaka wanijibu. Wakininyima, nitarudi kama ulivyorudi. Wakinipa, nitarudi pia, ili Bibi Kokugonza aone kwamba mtu anaweza kupewa na bado akaja kukaa.

Pumzika, Tata. Ulisema tumesogea na hukuniambia kwenda wapi. Nikifika, nitakuja hapa kukwambia.

Mwanao,
Kemi