Nilivyoandika "Kwa Hiari"

Bukoba, Alhamisi. Mvua imeanza ziwani tangu alfajiri na haijaacha. Nimerudi nyumbani Kitendaguro viatu vimelowa, chai nimeikataa, na mke wangu amenitazama usoni akaona heri asiniulize kitu.

Leo nimejichukia.

Hii ni wiki ya tatu nakwenda mjini kila asubuhi, kwenye chumba wanachohifadhi majalada ya zamani. Kazi sikuomba. Waliniita kwa sababu katika makarani wa masijala wa miaka ya ujamaa nimebaki peke yangu, na macho bado yananifaa. Nawasaidia kusoma miandiko na kutambua vijiji vilivyobadilishwa majina. Mwenye kazi hasa ni Asimwe, binti kutoka Kagondo, mtaalamu wa kompyuta.

Asimwe hupitisha karatasi kwenye skana, kisha hupachika maelezo ndani ya faili lenyewe: nani aliandika, mwaka gani, kijiji gani, mada gani. Anayaita metadata. Ukiusoma waraka huyaoni, lakini kompyuta inayasoma, na ndiyo yanayoamua waraka upatikane au upotee. Hata faili likinakiliwa likapelekwa ng'ambo, maelezo yanakwenda nalo. Siku ya kwanza nilimuuliza mada anazitoa wapi.

"Kwenye kadi iliyobandikwa mbele ya jalada, babu," akasema. "Mlitusaidia sana. Kazi yenu ilikuwa safi."

Safi!

Kadi zile niliziandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, suruali mbili, na kalamu ya serikali. Wakati ule watu wa vijiji vilivyobanana huko Muleba walikuwa wanatolewa kwenye vibanja vyao, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, wanaacha migomba na kahawa, wanapelekwa rweya, kwenye uwanda wa majani matupu, waanzishe kijiji cha ujamaa. Niliuamini ujamaa. Sehemu kubwa bado naiamini: mtoto wa maskini kukaa dawati moja na mtoto wa mkubwa si jambo dogo. Lakini taarifa za makatibu wa vijiji zilipitia mezani kwangu, zimeandikwa kwa mkono, na nilizisoma zote. Nyumba zimeezuliwa. Kahawa imeachwa mtini ikiwa mbivu. Watu wamepakiwa kwenye lori.

Taarifa moja ilimtaja shangazi yangu Paulina, dada wa baba. Mjane huyu, ilisema, alikataa kuliacha kaburi la mumewe, akabebwa na wanaume wanne mpaka kwenye lori.

Niliipeleka kwa mkubwa wangu nikidhani itamgusa. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Kwenye mada andika: Kuhama kwa hiari. Na zote za Muleba, hivyo hivyo."

Nikaandika. Sikuomba hata dakika moja ya kufikiri. Shangazi alifia huko rweya kabla ya masika ya pili. Nilikwenda mazikoni nikalia kuliko wanawe.

Hilo la kadi sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Leo saa nne akaingia Deo. Deo ni kitindamimba wa Paulina. Mwaka ule alikuwa mtoto wa shule, sasa ana mvi kama mimi. Alikuwa amesikia redioni kwamba majalada yanatafutika kwa kompyuta, akapanda basi la asubuhi kutoka Muleba, apate kitu cha kuwaonyesha wanawe juu ya yaliyompata bibi yao. Hakutegemea kunikuta. Alinishika mkono kwa mikono miwili, "Kaka, kumbe uko hapa!" akavuta kiti akakaa karibu nami.

Asimwe alimwachia kibodi. Deo akaandika kwa kidole kimoja: kuondolewa kwa nguvu, Muleba. Kompyuta ikasema hakuna. Akaandika kufukuzwa. Hakuna. Asimwe akamshauri aandike jina la kijiji peke yake. Jalada likaja, na ile kadi ikajaa kwenye kioo, mwandiko wangu wa kuinama, wino wa buluu.

Akasoma kwa sauti: "Kuhama kwa hiari."



"Nani aliandika hivi?" akauliza, macho yakiwa kwenye kioo.

"Karani wa wakati ule, baba," Asimwe akajibu. "Jina hakuweka."

Bega langu lilikuwa karibu liguse la Deo. Nikakohoa. Nikatazama mvua dirishani kana kwamba kuna mtu namsubiri. Deo akaisoma taarifa yote, akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akatuaga, akaenda stendi.

Mlango ulipofungwa ndipo nikamwambia Asimwe. Nilitaka aseme nilikuwa kijana, nilikuwa chini ya amri. Badala yake akauliza:

"Kwa nini hukumwambia alipokuwa hapa?"

Nikamwomba alifute lile neno. Akakataa, kwa upole lakini akakataa: kadi nayo ni ushahidi, na kuifuta ni kudanganya mara ya pili. Ila ipo nafasi ya maelezo ya mtu anayejua, mradi aweke jina lake. Basi akachapa nilivyosema: Wakazi waliondolewa kwa nguvu. Neno "hiari" niliandika mimi, Felisiani, karani wa masijala, nikijua si kweli.

Akaongeza mada ya pili, akahifadhi, kisha akatafuta kwa maneno yale yale ya Deo. Jalada likaja. Haikuchukua hata dakika kumi. Miaka yote hii, kumbe ni dakika kumi!

Saa kumi jioni nikampigia Deo. Nilimweleza yote bila kupumua.

"Nilijua tangu kadi ilipofunguka," akasema. "Barua ulizokuwa unamwandikia mama, nilikuwa namsomea mimi. Mwandiko wako naujua, kaka. Nilikaa pale nikikungoja useme."

Nikamwambia Jumapili nitakwenda Muleba. Akasema, "Sijui, kaka," na hapo simu ikakatika. Au aliikata.

Majalada ya Muleba yenye neno lile bado yamejaa kabati zima. Kesho nitatangulia kufika kabla ya Asimwe, tuanze la pili, na kila moja litawekwa jina langu. Jumapili nitapanda basi. Asiponifungulia mlango, nitakaa barazani kwake. Leo amengoja yeye. Sasa nitangoja mimi.