Saruji Kwenye Ukuta wa Bibi

Jumatano, baada ya Isha

Umekauka. Nimeupapasa ukuta wa chumba cha Bibi, na kiganja kimetoka na vumbi la chokaa tu.

Mjomba aliupiga saruji ili nyumba yetu ya mawe ipendeze. Unyevu wa ardhini ukakosa pa kutokea, ukapanda ukutani, Bibi akaanza kukohoa. Hata tulipoibandua saruji na kurudisha chokaa, niliogopa tumechelewa. Mjomba alishasema usipokauka anamhamishia Lindi. Huko, mbali na nyumba yake, Bibi angekaa siku ngapi kabla ya...

Leo Mjomba kaugonga ukuta. "Haya Mama, huhami tena."

"Kwani nani alikwambia nilikuwa nahama? Ungehama wewe na saruji yako!"

Kayasema yote bila kikohozi kumkatiza. Mjomba alicheka. Mimi nilikwenda uani nikalia.